Chupa ya Mafuta Mekundu Kwenye Buti

Barua zenu nimezipata, na kama kawaida nyingi zinahusu simu: nani kakuta meseji gani kwenye simu ya nani. Mwezi huu naomba niziweke kando kidogo, maana na mimi nimekuta kitu. Sikukikuta kwenye simu. Nimekikuta kwenye buti la gari la mume wangu, kimeviringishwa ndani ya taulo kuukuu: chupa ya mafuta mekundu ya pawa stelingi, imebaki robo.

Baba watoto ana Altezza, ile yenye injini ya 3S-GE na gia sita za mkono. Wanaume wa rika lake wakisikia hivyo wanashusha sauti kama wametajiwa marehemu. Toyota waliacha kuitengeneza mwaka 2005, kwa hiyo letu ni jimama la makamo, lakini yeye analilea kama bibi harusi. Kalishusha kwa springi fupi, kaliwekea rimu pana za inchi 18 na eksozi ambayo majirani wanaitambua tangu kona ya kwanza. Mimi nililiita mke mwenza. Tumegombana kuhusu hilo gari mpaka maneno yakatuishia.

Basi Ijumaa moja kigari changu kilikuwa kwa fundi, nikachukua Altezza kwenda kumfuata binti yetu shuleni. Tunarudi, tumefika Mwenge, nakata kona, usukani ukalia nyiiii, kisha ukawa mzito kama nasukuma kabati. Hapo hapo moshi ukatoka kwenye boneti, na harufu ya mafuta yanayoungua. Mwanangu ana miaka sita. Nilimtoa kwa kumburuta, kiatu kimoja kikabaki ndani. Konda wa daladala na vijana wawili wa bodaboda wakasukuma gari pembeni huku nyuma honi zikitutukana. Nikafungua buti kutafuta pembetatu, ndipo nikaiona hiyo chupa.

Alipofika nilimuuliza jambo moja tu: "Ulijua linavuja?"

"Kidogo tu."

"Tangu lini?"

Akaangalia chini. "Kama wiki tatu hivi."

Wiki tatu, jamani! Kila alfajiri alikuwa anafungua boneti, mimi nikiwa jikoni nafurahi kwamba mume wangu anakagua maji, kumbe anaongeza mafuta. Nilimaindi vibaya sana. Usiku alinieleza kwamba aliogopa nitasema "si nilikwambia?" Na kusema ukweli ningesema, tena kwa wiki nzima.

Jumamosi tukaenda kwa mzee mmoja mwenye gereji Ilala. Nilikwenda naye kwa sababu siku hizo sikutaka kuletewa taarifa. Baada ya shikamoo, mzee akatandika boksi chini ya gari akaniita: "Njoo uone mwenyewe, mama." Nikavua viatu vyangu vya kisigino, nikajilaza.

Kumbe njia za mafuta ni mbili. Moja inayatoa kwenye pampu na kuyapeleka kwenye reki ya usukani kwa presha kubwa, nyingine inayarudisha polepole kwenye kikopo chake. Mwaka jana tuta lilibonyeza bomba la chuma la ile njia ya presha. Fundi fulani akalikata, akaunga kipande cha mpira kwa klampu mbili, na mpira wenyewe akaupitisha chini ya krosimemba kwa kuwa ndiyo njia fupi. Kwenye gari lililoshushwa, chini ya krosimemba ndiko kunakosalimiana na matuta. Mpira ulikuwa umelika mpaka nyuzi zinaonekana.

"Ukizungusha usukani gari limesimama, presha humu inaweza kupita psi 1,000," mzee akasema. "Tairi lako unajaza kama 32. Sasa klampu ya bomba la maji itashika nini hapo?"

Mume wangu alikuwa anaangalia ukuta.

Njia mpya ilichukua asubuhi nzima. Mzee alikunja waya wa henga kama kipimo, kutoka kwenye pampu, kufuata chesisi, kupita juu ya krosimemba na kuishukia reki kwa juu. Halafu akalishusha gari kutoka kwenye jeki akazungusha matairi mpaka mwisho, kushoto na kulia, akichora kwa chaki pale tairi linapofika. Likiwa juu ya jeki tairi linaning'inia na linakudanganya. Gari likikaa chini, tairi linapanda hadi ndani ya madigadi na kuutafuna mpira. Aliacha nafasi ya vidole vinne kutoka kwenye eksozi, maana mafuta hayo yakidondokea chuma cha moto yanaweza kuwaka. Akaacha na ulegevu kidogo, kwa sababu injini hucheza juu ya maunti zake.

Mpira wenyewe tulikwenda kuutengenezea kwa watu wanaohudumia makatapila, wenye mashine ya kubana ncha. Washa za shaba mpya. Klampu zilibaki kwenye njia ya kurudishia tu, ambako presha ni ndogo. Jumla laki tatu na ishirini. Kapeti nililolipania likaaga.

Kutoa hewa nikafanya mimi. Matairi ya mbele juu, injini imezimwa, nazungusha usukani taratibu mwisho hadi mwisho, mume wangu akimimina mafuta na kuhesabu mapovu. Kisha tukawasha. "Usiung'ang'anie mwishoni, mama, utaiua pampu!" mzee akapiga kelele.

Halafu akamgeukia mwenye gari. Njia mpya ni nzuri, akasema, lakini bado kuna bampa, sampu na eksozi. Lipandishwe vidole viwili. Baba watoto akanyamaza kama anayedaiwa mahari mara ya pili.

"Kimoja na nusu?"

"Viwili," mzee akasema, na spana tayari ilikuwa mkononi.

Njiani kuelekea nyumbani tuliyavuka matuta yote bila kile kikwaruzo, na hakuna aliyesema kitu. Kwenye taa nyekundu akaniambia mara ya pili linavyovuja nitajua mimi kwanza. Nikamjibu nitajitahidi kufunga mdomo, ila sikuapa.

Sasa kila usiku anatandika boksi jeupe chini ya injini, na asubuhi tunaliangalia wote, mimi na kikombe changu cha chai. Leo lilikuwa kavu. Nimechukua funguo, na binti yangu amevaa viatu vyote viwili.