Braketi ya altaneta kwenye Bedford kuukuu

Malori ya petroli ya Bedford TJ, yaliyoanza kuundwa Uingereza mwaka 1958, yana injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Ya mwanzo yalikuja na dainamo. Kufunga altaneta badala yake kunataka braketi mpya. Kwanza hukatwa kigezo cha kadibodi kwa kufuata matundu ya bolti kwenye bloku, kisha bamba la chuma la milimita 8. Uzi ukivutwa kutoka puli ya krenki hadi ya altaneta sharti uziguse zote sawasawa, la sivyo mkanda huliwa upande mmoja. Braketi hushikizwa kwa nukta chache za weldingi, hupimwa tena, ndipo huchomelewa yote. Mambrui, kwenye pwani ya Kenya penye upepo wa chumvi, braketi hupakwa rangi ya redoksaidi mara moja kabla kutu haijaanza.