Mpiga Kinanda Naye ni Mtenda Kazi

Liko neno tulisikialo mara nyingi vinywani mwa watu wenye elimu, wala hatuwezi kulinyamazia tena. Husema: "Apigaye kinanda hafanyi kazi, anacheza tu. Amepewa kipaji, naye anakitumia." Na ukiwatajia muziki wa jazi, ule uliozaliwa kwa watu weusi wa Marekani, huongeza ya kuwa huo hauna mafunzo kabisa, maana mpigaji hubuni palepale apendavyo. Neno hili ni la uongo, tena ni uongo wenye faida kwao wausemao, kwa sababu asiyefanya kazi hana haki ya kudai ujira.

Twamwomba msemaji huyo aketi mbele ya piano, yenye vibao 88, ajaribu jambo moja. Mkono wa kushoto upige sauti nene ya chini kwa pigo la kwanza, uruke juu kupiga sauti tatu au nne pamoja kwa pigo la pili, urudi chini kwa la tatu, uruke tena kwa la nne, pasipo kuutazama wala kuchelewa hata kidogo. Wakati huohuo mkono wa kuume ushike njia yake, kana kwamba haujui habari za mwenzake. Ndivyo walivyopiga mafundi wa Harlem, mtaa wa watu weusi katika New York, miaka ya 1920. Akiweza kuendelea hivyo kwa dakika tano, na aje atuambie kama mkono haukumwuma. Wao walipiga hata usiku wa manane na kupita.

Tena walijifunza. James P. Johnson alitunga wimbo uitwao "Carolina Shout", nao ukawa mtihani wa kila kijana aliyetaka kuhesabiwa miongoni mwa wapigaji. Duke Ellington alijifunza wimbo huo kwa kinanda kijiendeshacho kwa karatasi yenye matundu: alipunguza mwendo wake, akatazama vibao vinavyobonyea, akaweka vidole vyake papo hapo. Sisi tuliofundisha watoto kusoma kwa kufuata herufi kwa kidole twaijua kazi ya namna hii.

Ama kubuni kwake si kubuni ovyo. Wimbo una mpango wake wa sauti, na mpigaji hana budi kuushika moyoni, ajue kila mahali sauti zinapogeuka, na yote abuniyo yapatane nao. Mfano wake ni washairi wanaojibizana papo kwa papo: mtu amefungwa na vina na mizani, wala hasamehewi akivipotosha.

Kuna na taabu nyingine ambayo watu hawaifikiri. Mpiga tarumbeta huja na tarumbeta yake, na seremala na randa yake. Mpiga piano hawezi kuichukua piano begani. Hufika akaikuta mbovu, vibao vingine vimekufa, sauti zimeshuka. Na wasikilizaji hawatamlaumu mwenye nyumba, watamlaumu yeye. Huko Harlem watu walioshindwa na kodi ya nyumba walifanya karamu na kutoza kiingilio, na aliyewavuta wageni ni mpiga kinanda. Kodi ililipwa kwa vidole vya mtu, kisha mtu huyo aambiwe anacheza!

Tutaambiwa kwamba ni muziki wa walevi. Hatukatai: nyumba nyingi walimopiga ziliuza pombe. Lakini tangu 1940 hata 1967 mtu hakuweza kufanya kazi katika nyumba za namna hiyo mjini New York pasipo kadi ya polisi. Thelonious Monk alinyang'anywa kadi yake mwaka 1951, na kwa miaka sita hivi hakuweza kupiga katika vilabu vya mji wake mwenyewe; mkewe Nellie akafanya kazi kuwalisha. Pombe iliendelea kuuzwa. Aliyezuiwa ni mpigaji.

Na wamtazame Mary Lou Williams, aliyezaliwa Atlanta mwaka 1910 na kukulia Pittsburgh. Alipoingia katika bendi ya Andy Kirk nyimbo zilikuwa zimejaa kichwani mwake, wala hakujua kuziandika. Kirk alimwandikia, hata akajifunza mwenyewe, akawa ndiye apangaye sauti za bendi nzima. Benny Goodman naye, mwenye bendi mashuhuri, alipiga nyimbo alizomwandikia. Mwaka 1954 aliliacha jukwaa kwa kuchoka rohoni, na mwaka 1957 akabatizwa katika Kanisa Katoliki. Hakukiacha kinanda. Mwaka uleule alirudi kupiga, baadaye akatunga misa kwa muziki wa jazi, na mwaka 1975 misa yake ikaimbwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Patrick, New York. Wasemao ni muziki wa walevi tu, na watujibu hapo.

Na huku kwetu je? Tulihudhuria arusi moja. Mpishi alilipwa, mwenye viti alilipwa, mwenye gari alilipwa. Mpiga kinanda, aliyetumika tangu alasiri hata usiku, alipewa sahani ya wali na shukrani. Tulipouliza tukajibiwa, "Yeye hupenda kupiga." Mpishi naye, tulivyomwona akicheka jikoni, alipenda kupika, wala hakuna aliyemwuliza habari hiyo kabla ya kumhesabia fedha zake.