Mwanamuke mwenye kuomba kura kwa jirani

Hapa kwetu Mpofi, pale Masisi inagusana na Walikale, ukisema neno "Muhindi" watu wanafikiria mambo mawili: maduka ya Goma na waaskari wa India wenye walikuwa na MONUSCO huku Kivu ya Kaskazini. Hakuna mwenye kufikiria mwanamuke anaomba kura. Lakini mwanamuke kama huyo alikuwako, tena upande wetu wa Afrika. Jina lake Sophia Mustafa, wa Arusha, Tanzania. Tunaleta habari yake kwa wandugu wasomaji juu inatugusa sisi wa Masisi kuliko vile mutu anaweza kuzania.

Alizaliwa India mwaka 1922, akakomalia Kenya, na mwaka 1948 akahamia Arusha. Mwaka 1958 Waingereza, wenye walikuwa wangali wanatawala Tanganyika, wakaitisha uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria. Sheria yao ilikuwa ya ajabu: kila mwenye kupiga kura alipashwa kuchagua watu watatu, Mwafrika mumoja, Mwasia mumoja na Mzungu mumoja. Tena si kila mutu alikuwa na haki ya kupiga. Ilikuwa lazima uwe na mapato ya paundi 150 kwa mwaka, ao masomo ya darasa la nane, ao kazi fulani ya heshima. Wazungu na Wahindi walikuwa wachache sana, lakini walipewa viti sawa na Waafrika wenye walikuwa mamilioni. Haikuwa haki, na sisi hatuiombe hapa.

TANU, chama cha Julius Nyerere, kingeweza kususia. Wengi walitaka vile. Kwenye mukutano wa Tabora, Januari 1958, Nyerere aliwasihi waingie tu, watafute Waasia na Wazungu wenye nia moja na wao, na kuwaunga mukono. Ndiyo vile Sophia, mama wa miaka 36 hivi, akasimama Jimbo la Kaskazini, upande wa Arusha na Kilimanjaro. Akashinda.

Muangalie vizuri jambo hili. Wakati ule TANU ilikuwa inapokea Waafrika peke yao. Chama chenye kilimuunga mukono hakikuweza kumupa hata karte ya mwanachama. Na Wahindi peke yao hawangetosha kumupa kiti; alipashwa kutafuta kura ya watu wasio wa kabila yake, wasio wa dini yake, wenye hawakuwa na deni lolote kwake. Baadaye aliandika kitabu juu ya safari ile, The Tanganyika Way, na alibaki mubunge mpaka miaka ya kwanza ya uhuru.

Sasa turudi kwetu. Kongo haikose wanamuke wakubwa. Sophie Kanza alikuwa waziri mwaka 1966, akiwa na miaka 26. Mwaka 2024 Judith Suminwa alikuwa mwanamuke wa kwanza kuongoza serikali yetu. Tunawapongeza. Lakini wote wawili waliteuliwa kutoka juu. Pale kura yetu sisi inahitajika, wanamuke wanabaki wachache. Si juu sheria haiko. Katiba, kifungo cha 14, inasema juu ya usawa. Sheria ya uchaguzi, tangu 2022, inasamehe dhamana ya pesa kwa listi yenye kuwa na wanamuke nusu ao zaidi. Ni sheria muzuri, lakini chama chenye kutaka kuepuka kulipa kinaweza kuandika majina ya wadada kwa kujaza karatasi tu, kisha kampeni yote inafanywa kwa faida ya bwana mumoja.

Na huyo bwana anaomba kura namna gani? Anasema: "Mimi ni mutoto wenu." Maana yake: mimi ni wa kabila yenu. Kwa wimbo huo dada kijana anashindwa mbele ya kuanza. Akiolewa kwa kabila ingine, kwao wanasema ameenda, na kwa bwana wanasema ni mugeni. Hana pa kusimama. Lakini ni yeye mwenye kuuzisha mihogo na mafuta kwenye soko la wote, mwenye kujua mama wa kijiji cha ngambo kwa jina. Yale wanaume wanaita uzaifu, ndiyo nguvu ya Sophia.

Kuna mwenye atasema: Arusha haikumwanga damu kama Masisi. Ni kweli. Mwaka 1993, kwenye soko la Ntoto, huku huku Walikale, watu waliuawa juu ya kabila yao, na moto ule ukaenea Masisi yote. Hatusahau. Lakini ni juu ya Ntoto tunasema hivi. Kama kila kabila inachagua wake peke yake, kila uchaguzi unakuwa hesabu ya nani ni wengi, na mwenye kushindwa anatafuta bunduki.

Mwaka 2023 CENI haikufanya uchaguzi Masisi na Rutshuru juu ya vita. Siku yetu itafika. Siku hiyo tuulize kila mwenye kuomba kura, mwanaume ao mwanamuke, swali moja tu: umeenda kuomba kura kwenye kijiji gani chenye hakisemi luga yako? Mwenye kukosa jibu, abaki nyumbani. Na wadada wa Mpofi wenye wataandikwa kwenye listi, wasikubali kuwa majina ya kujaza karatasi. Waanzie kampeni kwenye soko la jirani. Sisi wengine, wazee na vijana, tusiwaulize tena ni bibi wa nani ao binti wa kabila gani. Tuwaulize watafanya nini na barabara yetu.