Ufa wa kaboni hauponi kwa rangi

Leo mpira ukae benchi kidogo. Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanyike Kigali Septemba 2025, vijana ninaokutana nao wanaulizia baiskeli za kaboni. Mpya bei haishikiki, wananunua mtumba. Mtumba unakuja na ufa, fundi anapaka gundi, anapuliza rangi, anasema "freshi hiyo".

Siyo freshi. Ni sawa na kumdunga sindano ya ganzi straika aliyechanika kano, halafu unampanga kwenye dabi.

Sisemi kaboni haitengenezeki nyumbani. Inatengenezeka, na wanaosema itupwe tu hawajawahi kununua fremu kwa hela yao. Ila uijue kwanza. Aluminiamu ikizidiwa mara nyingi inapinda, unaiona. Kaboni ni nyuzi zilizopangwa tabaka kwa tabaka na kushikwa na gundi ya epoksi. Tabaka zinaweza kuachana ndani huku nje panang'aa, kisha kitu kikakatika ghafla bila kukuaga. Chukua sarafu, gonga polepole: penye uzima panalia kwa ukali, palipoachana panatoa mlio mfu. Kipimo hicho hakimalizi kila kitu, lakini ni bora kuliko macho.

Bomba la fremu lenye ufa linapigwa msasa mpaka nyuzi zilizokufa ziishe, pembeni pakichongwa mteremko mwembamba. Vinafuata vitambaa vipya vya kaboni, vikilazwa kwa uelekeo wa nyuzi za mwanzo, vinabanwa na kuachwa vikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo la epoksi. Vaa barakoa na glavu, vumbi lile siyo la kuchezea.

Usukani na foko je? Hapo sina mjadala, tupa. Vikikatika kwenye mteremko huna pa kushika. Na hao wanaotoboa matundu mapya kupitisha waya wanakata nyuzi zilezile zinazowabeba.

Mtaniambia usukani wa aluminiamu ni mzito. Kwani mnakimbilia wapi? UCI yenyewe hairuhusu baiskeli ya mbio chini ya kilo 6.8, na nyingi za mitaani ziko juu ya hapo.

Waandaaji wa mbio zetu wanakagua namba kwa ukali wa refa wa fainali. Jumapili ijayo waje na sarafu.