Shilingi Imetulia, Nani Amepona?

Mjadala wa uchumi wa Kenya ukianza popote, matatuni au mezani, huchukua dakika chache kabla sentensi mbili hazijatokea. Ya kwanza ni "nchi imeoza." Ya pili ni "uchumi umeimarika." Ya kwanza naiachia mwenye hasira. Nina ugomvi na hii ya pili, kwa sababu huja imevaa tai na kubeba takwimu.

Na takwimu zenyewe ni za kweli. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeshuka hadi 129 hivi. Mfumuko wa bei uliopita asilimia 9 mwishoni mwa 2022 ulikuwa chini ya asilimia 3 miaka miwili baadaye. Sina nia ya kubishana na namba hizo. Swali langu ni dogo: hili joto lililoshuka, ni la mwili wa nani?

Angalia shilingi ilivyotulia. Juni 2024 Kenya ilitakiwa kurudisha dola bilioni 2 za Eurobond iliyokopwa 2014. Wawekezaji waliogopa kwamba hatutaweza, na hofu yao ikawa inaivuta sarafu yetu chini. Februari, serikali ikakopa dola bilioni 1.5 mpya na kuzitumia kununua sehemu kubwa ya deni lile la zamani. La zamani lilikuwa na riba ya asilimia 6.875. Hili jipya, 9.75. Hofu ikaondoka, dola zikaingia, shilingi ikapanda, na viongozi wakapanda majukwaani. Mwenye duka ameacha kutugongea mlango kwa sababu tumeazima kwa jirani anayetoza zaidi. Sawa, huenda hapakuwa na njia nyingine mwezi ule. Lakini mtu aliyeepuka kufungiwa nyumba hapigi vigelegele kama aliyejenga.

Mjomba wangu, mwalimu mstaafu na mtetezi wa kila serikali iliyoko madarakani, huniambia: "Mwanangu, nchi ni kama nyumba. Baba akirithi madeni, wote hufunga mkanda." Namheshimu, kwa hiyo mfano wake nitauchukua kama ulivyo.

Basi tuanze na huo urithi. William Ruto aliapishwa kuwa rais Septemba 2022, lakini tangu 2013 alikuwa naibu wa rais. Eurobond ya 2014 na mkopo wa reli ya SGR vilipitishwa akiwa ndani ya nyumba, mezani, si dirishani akichungulia. Huwezi kuwa mrithi wa deni ulilokuwepo likichukuliwa.

Halafu, katika nyumba ya heshima, watu hujua baba amekopa nini. Mkataba wa mkopo wa SGR na benki ya Exim ya China ulitiwa saini 2014. Reli ikazinduliwa 2017, treni zikaanza kwenda na kurudi, mizigo ya bandari ya Mombasa ikalazimishwa kupanda reli hadi wafanyabiashara wa pwani wakaandamana Jumatatu baada ya Jumatatu mwaka 2019, na muda wote huo mlipa ushuru hakuruhusiwa kuusoma mkataba. Wanaharakati walikwenda hadi mahakamani kuudai. Sehemu yake ilitolewa hadharani Novemba 2022, na waziri Kipchumba Murkomen. Hilo nampa, kama ninavyompa rais sifa ya kuirudisha kazi ya kutoa mizigo Mombasa. Tulipoufungua tukakuta kifungu cha usiri, na kwamba mgogoro ukitokea utaamuliwa Beijing. Miaka minane! Mjomba akikopa chama cha ushirika, shangazi huuliza kabla ya chai kupoa.

Na huo mkanda wenyewe, nani anaufunga? Bunge liliweka kikomo cha deni cha shilingi trilioni 9 mwaka 2019. Kikabana, likakisogeza hadi trilioni 10 mwaka 2022. Kikabana tena, na mwaka uliofuata likaachana na kiwango cha fedha kabisa, likachagua asilimia 55 ya pato la taifa. Wataalamu watasema asilimia ni kipimo bora kuliko kiasi, na wana hoja. Lakini inashangaza kwamba hoja hiyo iligunduliwa tumbo lilipofika kwenye tundu la mwisho.

Upande wa pili wa meza, mkanda haukusogea ila kuingia ndani. Sheria ya Fedha ya 2023 iliongeza ushuru wa mafuta ya petroli kutoka asilimia 8 hadi 16 na kukata asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba. Oktoba 2024 ikafuata 2.75 ya bima ya afya. Na hayo ni kwa mwenye mshahara. Takwimu za serikali zinaonyesha kazi mpya takriban 780,000 mwaka 2024, na tisa katika kila kumi ni za jua kali: boda boda, mitumba, kibanda. Kijana mwenye shahada anayekaanga chipsi kando ya barabara amehesabiwa humo kama ushahidi wa uchumi kuimarika.

Ndiyo maana Mswada wa Fedha wa 2024, uliotaka shilingi bilioni 346 zaidi, ulitutoa nje. Juni 25 wabunge waliupitisha; siku ya pili rais alikataa kuutia saini. Katikati ya siku hizo mbili walilala watu barabarani. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu zaidi ya 30 waliouawa katika maandamano yale. Desemba, baadhi ya vipengele vikarudi kupitia sheria nyingine ya kodi, kimyakimya, watu wakijiandaa kwa Krismasi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 201, inasema mzigo na faida ya mikopo ya umma vigawanywe kwa haki kati ya kizazi cha sasa na vijavyo. Kifungu cha 211 kinaenda mbali zaidi: Bunge likipitisha azimio, waziri ana siku saba kueleza mkopo fulani ni kiasi gani, umetumikaje, utalipwaje. Siku saba. Mbunge wako anakuja mazishini na bahasha, anakuja harambee, anakuja uwanjani kutoa jezi. Akija tena, muulize ameomba azimio hilo mara ngapi. Mkopo wa Februari 2024 utalipwa kwa mafungu matatu: 2029, 2030 na 2031. Mjomba ana pensheni yake. Mafungu hayo ni yetu.