Hesabu Zisiishie Ubaoni

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo linalotuhusu sote, wanafunzi, walimu na wazazi. Jambo lenyewe ni zile fedha ndogo ndogo tunazokuja nazo shuleni, namna zinavyotoweka, na namna wengi wetu tunavyoingia katika madeni ya bwenini ambayo mchana hayasemwi. Mimi naona kuwa dawa ya ugonjwa huu tunayo tayari ndani ya madaftari yetu ya hesabu, ila kengele ikilia huiacha ubaoni pamoja na chaki.

Twafundishwa takwimu na twafundishwa riba. Twajua kutafuta wastani, na twajua kupanga namba toka ndogo hata kubwa tukachukua ile ya katikati. Ukimwuliza mwanafunzi wa Kidato cha Nne atakujibu pasipo kusita, maana ajua kuwa maswali kama hayo huja katika mtihani. Lakini mwanafunzi yule yule, ikifika jioni, atakopa shilingi elfu moja kwa mwenziwe bila kujua amezikopa kwa bei gani. Je, elimu hiyo yatufaa nini?

Tuanze na michango. Kila muhula hapakosi mchango: wa mahafali, wa jezi za timu ya bweni, wa kumwaga mwalimu anayehamishwa. Kwa kawaida hukaa kikao, wakasimama wasemaji watatu au wanne wenye sauti, wakasema, "Kwa wastani kila mtu hapa ana fedha ya kutosha, elfu tano si kitu." Kikao hupiga makofi, na neno limekwisha.

Tuutazame wastani huo. Tuchukue mfano wa wanafunzi kumi waliokuja shuleni na fedha za matumizi kama hivi: wawili wana shilingi 5,000 kila mmoja, mmoja ana 8,000, watatu wana 10,000 kila mmoja, mmoja ana 12,000, mmoja ana 15,000, mmoja ana 25,000, na mmoja, ambaye baba yake amejaliwa, ana 100,000. Jumlisha zote, utapata 200,000. Gawanya kwa kumi, wastani ni 20,000. Basi msemaji wa kikao hakusema uongo. Lakini hebu wahesabu walio na 20,000 au zaidi. Ni wawili tu! Wanane kati ya kumi wako chini ya wastani. Namba ya katikati ni 10,000, na ndiyo pia inayojirudia mara nyingi kuliko zote. Mwanafunzi mmoja mwenye laki moja amewavika wenziwe wote kanzu ya utajiri wasiyoijua.

Ukimtoza mwenye 20,000 mchango wa 5,000, umemtoza robo ya mali yake. Ukimtoza mwenye 10,000, umechukua nusu. Na wale wawili wenye 5,000 umewaacha mikono mitupu kabla hawajanunua hata kipande cha sabuni. Hao hawatasimama kikaoni waseme, "Mimi sina." Nani apendaye kuonekana maskini mbele ya wenziwe? Watanyamaza, watapiga makofi pamoja na wengine, na usiku watakwenda kukopa. Ndiyo maana nasema madeni mengi ya bwenini hayazaliwi na ulafi wa maandazi peke yake. Mengine huzaliwa na hesabu mbaya iliyofanywa hadharani.

Sasa tuje kwenye mkopo wenyewe. Bei ninayoisikia sana mabwenini ni hii: chukua elfu moja leo, lete elfu moja na mia mbili Jumamosi ijayo. Mia mbili yaonekana kitu kidogo, bei ya vitafunio tu. Lakini mia mbili juu ya elfu moja ni asilimia 20, tena kwa wiki moja. Asiyelipa Jumamosi hiyo, riba hupandishwa juu ya riba. Wiki ya pili deni ni 1,440. Wiki ya tatu ni 1,728. Wiki ya nne limepita 2,000, yaani limezidi maradufu. Likiachwa hivyo hivyo kwa wiki 12, ile elfu moja imekuwa 8,916. Atakayeona naongeza chumvi na achukue kalamu, azidishe 1,000 kwa 1.2 mara kumi na mbili.

Wazazi wetu huko nyumbani wanaijua mikopo iitwayo "kausha damu". Wameilalamikia sana, na wana haki. Basi tulinganishe. Baada ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, Benki Kuu ya Tanzania iliwawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni ya daraja la pili ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Katika elfu moja hiyo ni shilingi 35 kwa mwezi mzima. Sisi watoto wa shule, tunaoimba wimbo wa taifa kila asubuhi na kuitana ndugu, twatozana mia mbili kwa wiki. Kausha damu ya mitaani ina mwenzake bwenini, naye amevaa sare ya shule.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Matanga hayo twayaona. Aliyeshindwa kulipa huweka rehani: leo shuka, kesho raba za michezo, keshokutwa daftari kubwa lenye notisi za muhula mzima. Mwanafunzi asiye na notisi hujisomea nini? Wengine hukwepa bwalo la chakula ili wasikutane na mdai. Wengine hujidai wagonjwa siku za Jumamosi. Na wanaoumia zaidi ni wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza, waliotoka kwa mama zao juzi tu, wasiojua fedha hupangwaje.

Tena wapo wanaotumaini kulilipa deni kwa mkeka wa kubashiri mpira wakati wa likizo. Hapo nako hesabu yasema waziwazi. Tuseme umechagua mechi kumi, na tukupendelee, tuseme kila mechi una nafasi moja katika mbili ya kupatia. Ili mkeka usichanike yakupasa kupatia zote kumi, yaani mbili mara mbili, mara kumi. Nafasi yako ni moja katika 1,024. Na sheria ya nchi hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo hiyo, nasi wengi wetu hatujafika umri huo. Deni halilipwi kwa ndoto.

Wengine watanijibu: "Mkopeshaji atoa msaada. Bila yeye mwenye shida angefanya nini?" Neno hili lina ukweli ndani yake, nami sitaki kulidharau. Shida za ghafla zipo. Tena mkopeshaji si shetani. Huenda naye alitozwa vivyo hivyo alipokuwa Kidato cha Kwanza, akaona ndiyo desturi. Lakini msaada unaokua maradufu kwa wiki nne si msaada tena. Na asiseme anajilipa kwa sababu ya hatari ya kupoteza fedha yake, maana shuka la mdaiwa analo yeye mkononi.

Wengine watasema: "Walimu wawaadhibu wote, yatakwisha." Sidhani. Adhabu haiondoi ile shida iliyomfanya mtu akope. Ukiwaadhibu tu, biashara itahamia gizani zaidi, na mkopeshaji atapandisha bei kwa sababu sasa anaogopa kukamatwa. Atakayeilipa bei hiyo ni yule yule maskini.

Basi tufanye nini? Ninayo mashauri manne.

Shauri la kwanza: tuhesabu kwanza. Hakuna ajuaye leo ni wangapi wenye madeni, kwa kuwa ukiuliza hadharani kila mtu atasema hana. Iko njia nzuri ya kuuliza jambo la aibu bila kumwaibisha mtu. Asili yake ni fikra ya mtaalamu Stanley Warner, aliyoiandika mwaka 1965, na wengine wakairahisisha baadaye. Kila mwanafunzi hupewa karatasi na sarafu ya shilingi 200. Huirusha peke yake, mahali asipoonekana. Ikitokea picha ya Mzee Karume, huandika NDIYO, awe na deni au asiwe nalo. Ikitokea simba, huandika kweli yake, NDIYO au HAPANA. Karatasi hukusanywa bila majina. Tuseme wameandika wanafunzi 100, na NDIYO zimekuwa 70. Twajua kuwa kiasi cha 50 zimeletwa na Karume. Zinabaki 20 kutoka kwa wale 50 walioona simba, basi wadaiwa ni kama 40 katika kila 100. Hakuna mwalimu wala kiranja awezaye kuonyesha kidole, "Wewe wadaiwa," maana kila NDIYO yaweza kuwa ya sarafu. Ila yafaa wanafunzi wawe wengi. Wakiwa kumi tu, sarafu yaweza kutudanganya.

Kuhesabu huku si mchezo. Ikiwa wadaiwa ni wanne katika mia, na waitwe kwa upole wafundishwe. Ikiwa ni arobaini katika mia, hilo si kosa la watoto wachache tena, ni ugonjwa wa shule nzima, na dawa yake ni nyingine.

Shauri la pili: kila mchango upimwe kwa namba ya katikati, si kwa wastani, wala si kwa sauti ya wasemaji. Kabla ya kikao kila mtu aandike kwa siri kiasi anachoweza kutoa bila kukopa. Karatasi zipangwe toka ndogo hata kubwa, na mchango usizidi kiasi ambacho hata wa chini wanakiweza. Mwenye uwezo na apendaye aongeze kwa hiari. Kama mahafali yatakosa keki, yakose. Mahafali yenye keki na wenye madeni hayana heshima.

Shauri la tatu: kila bweni liwe na mfuko wake, mfano wa vikoba vya mama zetu. Bweni la watu 40, kila mmoja akitoa shilingi 200 kwa wiki, kwa wiki 12 hupata 96,000. Fedha ikae kwa mwalimu wa malezi, na daftari lisomwe mbele ya wote kila Jumapili. Mwenye shida ya kweli akopeshwe bila riba na kupewa muda wa kulipa. Kabla ya likizo kila mmoja arudishiwe 2,400 zake. Asiyeweza hata mia mbili asifukuzwe, atoe mia, naye arudishiwe kadiri alivyotoa.

Shauri la nne lawahusu wadogo zetu. Katika wiki ya kwanza ya muhula, kila mwanafunzi mpya afundishwe kugawa fedha yake. Mwenye 10,000 kwa wiki 12 ana shilingi 833 kwa wiki, basi. Akila maandazi ya 300 kila siku, fedha itakwisha siku ya thelathini na tatu, na wiki saba na zaidi bado zi mbele yake. Na aondoe kwanza fedha ya sabuni, dawa ya meno na kalamu, aikabidhi kwa mwalimu wa malezi, kisha agawe kilichobaki. Aandike kila anachotumia, hata cha mia moja. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwenu wazazi wetu wapenzi nina ombi moja. Hatuombi mtuongezee fedha, twajua mnazipataje. Twaomba mtuambie kweli kiasi mlicho nacho, na mtuulize kila likizo fedha ilitumikaje, bila fimbo. Mtoto anayeogopa kusema nyumbani kuwa fedha imekwisha, atakwenda kusema kwa mkopeshaji.

Nanyi walimu wetu, mkipenda, chukueni mifano ya namna hii mkatufundishie takwimu na riba. Naamini hata wale wasiolipenda somo la hesabu wataamka wakisikia kuwa swali ni la shuka lililowekwa rehani.

Sisi wa Kidato cha Nne tumebakiza muda mfupi hapa. Tutaacha vitanda, na tutaacha majina yetu katika orodha za viranja. Ingekuwa vema tusiwaachie wadogo zetu desturi ya asilimia ishirini kwa wiki. Naomba jambo hili liwekwe mbele ya Baraza la Wanafunzi muhula huu huu, na lile zoezi la sarafu lianzie katika mabweni yetu sisi wakubwa.