Gridi bila pini ni hatari, wasee

Niliacha chuo lakini bado nachorea watu nyumba kwa Revit, na mimi nasema hivi: gridi isiyo na pini ni hatari kuliko fundi mlevi. Mwaka jana, nikiwa Homa Bay, nilitaka kufupisha mstari mmoja kwa plani. Nikausukuma wote. Nguzo zilizokaa juu yake zikasonga nao, ghorofa zote. Fundi kule Rongo ndiye alishtuka, siku moja kabla ya kuchimba.

Ukitaka kurekebisha mwonekano mmoja tu, bonyeza 3D mwishoni mwa mstari iwe 2D, ndio uvute ncha. Halafu gridi na leveli zote, zipige pini. Kwa laptop unaweza kurudisha nyuma. Msingi ukishachimbwa, imeenda.